Sauti Iliyowekwa Kuwa Mfano

Mungaa, Ikungi
11 Februari 2024

Kwako Alute,

Natumaini mu wazima huko Morogoro, wewe, mama watoto na watoto. Mimi mwili ni mzima. Mvua ilichelewa, halafu ikaja yote kwa wiki moja. Uwele umelala, mtama umesimama. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Kuku wameisha kwa ugonjwa wa kideri, wamebaki wanne. Hizo ndizo habari za nyumbani. Nakupa kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, si kwa sababu unastahili kuzipata.

Umenipigia simu mara kumi na moja tangu Jumatano. Nimeziona zote. Sikupokea na sitapokea. Sisemi tena ndani ya kitu chochote chenye betri. Ukiwa na neno, liandike kwa mkono wako, uwape watu wa basi, waliache dukani kwa Bijal pale Singida mjini. Nimekwisha mwomba, na yeye ana adabu, hakuniuliza kwa nini.

Sasa sikiliza. Jumapili nilitoka kanisani nikamkuta Hosea, yule anayefundisha sekondari, amesimama na watu kama ishirini kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Simu yake iko mkononi, ameiinua juu. Nikasikia mwanamke anaongea Kinyaturu, nikadhani ni redio, nikasogea nisikilize. Alute, ilikuwa sauti yangu. Sauti yangu ya miaka ishirini na mitano iliyopita, naongea na baba yako jikoni kwangu. Hata jogoo niliyekuwa naye wakati ule anasikika akiwika.

Watu wakageuka wakanitazama. Hosea hakuizima, aliiacha iende mpaka neno la mwisho huku ananiangalia usoni.

Nikamwuliza, "Umeitoa wapi hiyo?"

Akasema, "Mwalimu, nimeitoa kwa mtoto wa kaka yako. Ameiweka kwenye mtandao. Dunia nzima inaisikiliza."

Baba yako Elisha alikaa kwenye kigoda changu, akaniambia: dada, sema, itakaa nami mpaka utakapokuwa hupo. Nilimwamini kwa sababu alikuwa kaka yangu. Yeye yuko kaburini na mimi ningali hai, na maneno yangu yanazunguka kijijini kwenye mifuko ya watu.

Sikuulizi kwa nini. Nakuambia uifute.

Maria Mghenyi


Morogoro
25 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimepokea barua yako mikononi mwa kondakta na nimeisoma nikiwa nimesimama palepale stendi. Sisi ni wazima. Mtoto wa kwanza ameingia darasa la sita, wa pili aliumwa malaria wiki iliyopita lakini ameshapona. Pole sana kwa kuku. Pole zaidi kwa yaliyokupata Jumapili ile. Naomba uniruhusu nieleze jinsi ilivyotokea, maana naona unafikiri nilikusudia.

Unajua baba alituachia lile kasha la CD. Mwaka 2021 nilizileta hapa kazini, kwenye hifadhi ya kumbukumbu ya chuo. Nilikuta humo mafaili arobaini na moja ya sauti, yote yamerekodiwa na kile kinasa sauti kidogo alichoachiwa na yule mtafiti wa lugha aliyewahi kumsaidia kazi. Hakuna hata moja lililofunguka. Kampuni iliyotengeneza kinasa hicho ilishakufa, na programu yake haifanyi kazi kwenye kompyuta yoyote ya sasa. Faili unaliona, ukubwa wake unauona, lakini ndani huingii.

Jambo hili haliko kwetu tu. Kila hifadhi ina mafaili ya namna hiyo: nyaraka za ardhi, picha za hospitali, ramani, nyimbo. Zimeandikwa na programu ambazo hakuna anayezikumbuka. Ndiyo maana sisi wa hapa, pamoja na watu wa Nairobi, Kampala, Lusaka na wengine wa Ulaya, tunajenga daftari moja la pamoja la aina za mafaili. Kila aina tunaiandikia ukurasa wake: inaanza na alama zipi, ilitengenezwa na programu gani, miaka gani, na nini kinaweza kuifungua. Mtu wa Lusaka akikwama, anatazama kama wa Kampala alishakutana nayo. Na kwenye kila ukurasa tunaweka faili moja la mfano, ili wenye ujuzi walijaribu. Mimi niliandika ukurasa wa mafaili ya baba. Kwa mfano nilichukua lililo dogo kuliko yote, dakika kumi na tisa, kwa kuwa faili dogo ni rahisi kutuma. Hiyo tu ndiyo sababu.

Novemba iliyopita fundi mmoja wa Denmark, ambaye sijawahi hata kumwona sura, aliweza. Aliandika programu ndogo ya kufungua aina ile, akaibandika kwenye ukurasa wangu pamoja na sauti yenyewe, akiwa ameigeuza iweze kuchezwa na simu yoyote. Nadhani Hosea alikuwa anatafuta Kinyaturu mtandaoni, ikamtokea.

Shangazi, tulifurahi siku ile hapa ofisini. Tulipiga makofi. Yalikuwa ni mafaili arobaini na moja ya wazee wetu, watu ambao wengi wamekufa, na sasa yatasikika. Naomba ulitazame na hilo pia.

Nimeanza kushughulikia kuondolewa kwake. Si jambo la siku moja.

Mwanao,
Alute


Mungaa
10 Machi 2024

Alute,

Mtoto akipona malaria umpe maziwa, si soda. Huku tunapalilia alizeti kwa mara ya pili. Nilipalilia peke yangu, kwa sababu wanawake watatu tuliokuwa tunasaidiana zamu zamu kila mwaka, mwaka huu wamesema migongo inawauma. Yote mitatu kwa siku moja.

Nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na minne. Usinieleze mambo kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. Nimeelewa daftari lako. Ni kazi nzuri, na wala hainihusu. Watu wa Lusaka na Kampala mnasaidiana kufungua vitu vilivyofungwa, vizuri. Kuna vitu vimefungwa kwa sababu kitasa kimeharibika, na kuna vitu vimefungwa kwa sababu mwenyewe alivifunga. Katika daftari lenu kuna ukurasa wa hivyo vya pili?

Mlipiga makofi. Umeandika hivyo kwa mkono wako, sikuota. Mlipiga makofi kabla hata hamjajua ninasema nini.

Au mlijua? Hapo ndipo barua yako inapochechemea. Umeniandikia kurasa mbili kuhusu kinasa sauti, kampuni, fundi wa Denmark, na hujaniambia kama wewe mwenyewe umesikiliza. Novemba mpaka Februari ni miezi mitatu. Sauti ya shangazi yako imelala kwenye meza yako miezi mitatu, hukuisikiliza? Nijibu hilo. Na unijibu hili pia: baba yako alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Alikuwa anaandika jina hata kwenye jembe. Kwenye CD hiyo hakuandika chochote?

Hosea anapita mbele ya nyumba yangu asubuhi na jioni na hasalimii. Nilimfundisha mimi kushika kalamu. Baba yake, ambaye tuna umri mmoja, alikuja Alhamisi akasimama nje ya uzio kwa muda mrefu. Nikamkaribisha, hakuingia. Akasema, "Maria, nilitaka tu nikutazame," akaondoka.

Umesema si jambo la siku moja. Lilikuwa la siku moja ulipoiweka.

Maria Mghenyi


Morogoro
28 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Pasaka ilipita salama.

Wiki saba sijakujibu. Nilianza barua nne, nikazichana. Mbili nilikuwa naomba msamaha, na mbili nilikuwa na hasira kiasi kwamba mke wangu aliniambia nisizitume. Hii sitamwonyesha.

Nianze na maswali yako. Ndiyo, niliisikiliza. Niliisikiliza siku ileile ilipofunguka. Kinyaturu changu ni cha mtu aliyekulia mjini, nilishika nusu, nusu nyingine nikajidanganya kwamba sijaielewa. Na ndiyo, baba aliandika. Kwenye karatasi ya kasha, kwa ule mwandiko wake wa kulalia kulia: "Maria. Baada yake." Niliuona mwaka 2021. Nilijiambia kwamba faili halifunguki, kwa hiyo ahadi haiwezi kuvunjika. Nikaliweka mbele ya watu ambao kazi yao ni kufungua yasiyofunguka. Hakuna njia ya kulipamba hilo. Nilikosa, na niliendelea kukosa kwa miezi mitatu kwa kunyamaza.

Sasa na mimi niseme, maana umenihukumu kwa barua mbili, na hujasema neno moja kuhusu kilichomo ndani ya dakika hizo kumi na tisa.

Mwezi uliopita nilimpata mzee mmoja wa Ikungi anayeishi hapa Morogoro, nikamwomba anitafsirie lile lililonipita. Alipomaliza hakutaka chai. Unasema hivi, Shangazi: ulikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka ule wa operesheni ya serikali ya kuwahamishia watu vijijini. Familia tisa zilikataa, zikajificha vichakani na mifugo yao. Bwana mmoja wa operesheni alikuja na daftari, akakuta wewe ndiye binti mwenye mwandiko mzuri. Ukamwandikia majina tisa na mahali ilipo kila kambi. Wakaenda wakachoma vibanda na vyakula, watu wakaswagwa kwenye mvua, na mtoto mchanga wa bibi yake Hosea akafia njiani. Kijiji kikasema aliyewataja ni Leonard, kwa sababu Leonard alihamia mapema kwa hiari yake na alionekana akimpa yule bwana maji ya kunywa. Wewe ulisikia wakisema. Uliwaacha waseme.

Jina la Leonard nalikumbuka. Nilipokuwa mtoto, nikija likizo, mlituambia tusipite karibu na shamba lake la zamani. Wewe ulituambia. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako.

Kuhusu kufuta: kwetu nimeifuta. Lakini daftari hili limejengwa kwa makusudi lisipotee, kwa hiyo kila hifadhi ina nakala yake yote. Ziko sita. Nimewaandikia. Nne wamefuta, mbili hawajajibu. Na iliyo kwenye simu za watu wa Mungaa hakuna wa kuifuta.

Tena kuna barua nyingine imefika ofisini kwetu kuhusu sauti hiyo. Imetoka kwa Rebeka, binti wa Leonard, wa Misigiri. Yeye anaomba isifutwe. Sitakueleza zaidi mpaka nijue kama unataka kusikia.

Alute


Mungaa
12 Mei 2024

Alute,

Tumeanza kuvuna. Sijambo.

Mwaka ule baba yako alikuwa na miaka kumi na mbili na wewe hukuwepo hata kwenye mawazo. Unaniandikia hukumu kutoka kwenye kiti cha ofisi, umemwita na mzee wa kukutafsiria, umempeleka na huyo pia ndani ya nyumba yangu. Ni watu wangapi unataka waingie? Ningekutafsiria mimi. Ungepanda basi, ukaja ukakaa hapa, ukaniuliza, "Shangazi, hili neno maana yake nini?" Ningekuambia au ningekufukuza, lakini ungekuwa umeuliza.

Umejipiga kifua kidogo kwa kosa lako, halafu ukageuka haraka sana kwenye langu. Nimesahihisha watoto wengi. Najua anayekiri ili apate nafasi ya kumshitaki mwenzake.

Unasema nilikuambia usipite shambani kwa Leonard. Ni kweli. Nakumbuka hata kaptula uliyovaa.

Barua ya Rebeka niletee. Yote. Usinichagulie maneno, na usiniulize kama nataka.

Maria


Morogoro
23 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mavuno yameingia na mgongo unakupa nafasi ya kupumzika. Huku baridi imeanza, watoto wanakohoa. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa naitwa kwenye vikao.

Kwenye daftari la pamoja nimeondolewa kwenye kazi ya mifano. Mtu wa Kampala alisema mbele ya wote: "Tumekuwa tukiuliza faili hili ni la aina gani, hatukuuliza ni la nani." Sasa kila ukurasa una sehemu mpya, na faili la sauti ya mtu haliwekwi bila ruhusa ya mwenye sauti au ya nduguze. Nimeandika sheria hiyo mimi mwenyewe, nikiwa na hasira, na wamenipitishia bila kubadilisha neno. Yale mafaili arobaini mengine yanafunguka yote sasa. Nimeyafungia. Nitazunguka nyumba kwa nyumba kuuliza kabla mtu yeyote hajayasikia, na mimi nikiwemo.

Barua ya Rebeka nimeinakili kama ilivyo:

"Kwa wahusika. Mimi ni Rebeka, binti wa mwisho wa marehemu Leonard wa Mungaa. Nimetumiwa sauti ya Mwalimu Maria na mtu wa huko, na nasikia familia yake wanataka ifutwe. Mimi naomba isifutwe.

"Baba alitoka Mungaa mwaka 1979, baada ya mtu kumkata mishipa ng'ombe wake wa nne. Hakuna aliyemwalika kwenye harusi tangu mwaka ule wa kuhamishwa. Watoto wake walipokufa, alizika yeye na mama. Tulikuja Misigiri hatujui Kinyiramba hata salamu. Amefia hapa mwaka 2011 na hakuna mtu wa Mungaa aliyekuja.

"Baba yangu alikuwa hajui kusoma wala kuandika. Waliochomewa nyumba walisema bwana yule alikuwa na karatasi yenye majina tisa, yameandikwa vizuri. Baba alisema mpaka siku ya kufa: ningeandikaje? Niambieni, ningeandikaje? Kijiji kizima kilijua kwamba hajui kuandika, na hakuna aliyesimama kulisema. Mkifuta hiyo sauti, baba yangu anarudi kuwa msaliti.

"Mama yangu Yasinta yu hai. Hajaisikia. Sitaki aisikie kwenye simu. Mwenye sauti kama bado ana miguu, Misigiri si mbali."

Ndiyo hiyo. Sina la kuongeza, isipokuwa swali ambalo nimekaa nalo tangu Machi. Kwenye sauti unamwambia baba kwamba uliogopa, kwamba yule bwana alikuwa na bunduki. Ndivyo ilivyokuwa? Nauliza kwa sababu unalisema haraka sana, na pale tu ndipo unapolisema haraka.

Alute


Mungaa
18 Agosti 2024

Alute,

Watoto wapewe asali na limao. Nimekutumia chupa mbili kwa Bijal, ni asali ya nyuki wadogo, usiwape watu wa ofisi. Alizeti nimepata magunia sita. Ndama anakunywa vizuri. Wanawake wa zamu hawajarudi.

Una sikio la baba yako. Hakukuwa na bunduki. Yule bwana alikuwa kijana tu, ana viatu vizuri na homa. Alitapika nyuma ya zizi letu. Aliniuliza kama nataka kuwa mwalimu, nikasema nataka. Akasema chuo kina nafasi moja ya msichana kutoka upande huu, na yeye ndiye anayepeleka jina. Halafu akaweka karatasi mezani. Sikuogopa, Alute. Niliandika kwa herufi za kuunganisha, nilizozipenda, nikaweka na mstari chini ya kila jina. Kazi yangu yote ya miaka thelathini na minne, pensheni yangu, bati hili ninalolala chini yake, watoto wote niliowashika mkono wakajua a na e, vimetoka kwenye karatasi ile. Baba yako nilimdanganya. Hata nilipoamua kusema kweli ndani ya kile kimashine, nilisema kweli iliyopunguzwa.

Sasa unalo lote. Usifikiri limekusafisha. Ulisoma mwandiko wa baba yako ukaupita. Umeiba, na wizi wako kumfaa Rebeka hakukufanyi usiwe mwizi. Nina hasira nawe na sijui itaisha lini. Naamka nayo, nateka nayo maji. Lakini zile hifadhi mbili ambazo hazijajibu usiwaandikie tena. Iache. Wale wanne waliofuta, warudishie, uwape na barua hii, ukurasa huu tu, wajue ile ya kwanza ilipungua wapi. Hapo umepata ruhusa ya mwenye sauti, kwa maandishi.

Nilikwenda Misigiri Jumanne.

Sikubeba kitu. Nilikuwa nimemfunga kuku miguu tayari, nikamfungua. Niliona nitafanana na mtu anayekwenda kununua. Nilishuka njia panda saa nne asubuhi, upepo ule wa Agosti unapeperusha vumbi mpaka huoni ng'ambo ya barabara. Rebeka anauza vitunguu palepale. Sikumjua, ila yeye alinijua. Hakunisalimia wala hakunitukana. Alimwambia mwenzake amwangalizie meza, akatangulia mbele, nikamfuata.

Mama Yasinta alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka anachambua choroko. Ana miaka themanini na minne. Amekuwa mdogo kama mtoto wa darasa la tatu. Uani kwa jirani kulikuwa na watu watano au sita wanapiga alizeti kwa fimbo, kelele kweli. Nikapiga magoti nikamwamkia. Akaitikia marahaba kwa Kinyaturu kizuri, kile cha zamani, akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamwambia. Mikono yake ikaacha choroko.

Nikamwambia, "Mama, majina yale tisa niliyaandika mimi. Mzee Leonard hakuandika. Ni mimi."

Akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Sikusikii, mwanangu. Masikio yamechoka. Sema kwa nguvu."

Nikasema tena, kwa sauti ya darasani. "Majina niliyaandika mimi! Leonard hana kosa!"

"Sema kwa nguvu," akasema. "Nani aliandika?"

Alute, nilipaza sauti ambayo sijaitoa tangu nistaafu. Nilisema jina langu, jina la baba yangu, jina la kijiji. Nilisema na habari ya ile nafasi ya chuo. Nilisema Leonard alinyimwa harusi na mazishi kwa ajili yangu, na kwamba nilijua kila mwaka. Ng'ambo ya uzio fimbo zilinyamaza moja moja. Vichwa vikatokea juu ya miiba. Walikuwa Wanyiramba, hawajui Kinyaturu, kwa hiyo Rebeka, bila kuombwa, akawa ananitafsiri kipande kwa kipande, anawapa kama mtu anayetangaza mnada.

Nilipomaliza, Mama Yasinta akasema, "Sasa nimesikia." Akarudi kwenye choroko zake. Sikupewa msamaha wala sikufukuzwa. Baada ya muda akamwambia Rebeka aniletee maji, nikanywa, nikaona hakuna zaidi, nikaaga.

Rebeka alinisindikiza mpaka barabarani. Basi lilipoonekana nikataka kusema neno la kibinadamu, nikamwuliza mama masikio yamemsumbua tangu lini, labda daktari pale Singida angemtazama.

Rebeka akaniangalia.

"Mama hana tatizo la masikio," akasema.

Shangazi yako,
Maria Mghenyi